Robo eka, miti saba na kuluzu: kujenga Diani bila kuharibu mtaa

*"Nimerithi robo eka Diani, ng'ambo ya barabara ya lami, si upande wa bahari. Nataka kujenga nyumba nne za kupangisha. Ndani mna miti saba mikubwa: mibambakofi miwili, mkwaju, mkuyu na miarobaini mitatu. Kuluzu hupita humo karibu kila siku, na kima nao wamezidi, wanaingia mpaka jikoni kwa majirani. Ploti ya upande wa kusini imeshafyekwa yote, zinapanda flati za ghorofa nne. Wazee wa mtaa wamenuna, wanasema sisi vijana tunaua mtaa. Fundi wangu anasema nikate yote, nipande mingine baadaye, na kuluzu watahamia Shimba Hills wenyewe. Ni kweli? Na yawezekana kujenga bila kugombana na watu wala kuua wanyama?"*

Ndugu msomaji, hapo umeuliza mambo matatu kwa pamoja: la wanyama, la ujenzi na la majirani. Nitaanza na neno la fundi wako, maana ukilifuata, hayo mengine hayatakuwa na haja ya kujadiliwa.

Kuluzu hawatahamia Shimba Hills, ile hifadhi ya msitu. Hawa ni mbega wa Angola, wale weusi wenye manyoya meupe mabegani, na kwa Kenya nzima wanapatikana Kwale tu. Kila kundi lina eneo lake, na eneo la pembeni lina kundi jingine. Kati ya ploti yako na Shimba kuna mashamba, mji wa Ukunda, barabara kuu na mwendo mrefu usio na miti iliyoshikana. Kuluzu ni mnyama wa juu. Hana hata kidole gumba, mkono wake umeumbwa kama ndoano ya kushika matawi. Akishuka chini anakutana na mbwa na magari. Kwa hiyo miti ikikatwa kundi halihami, linabanana. Litaendelea kuzunguka eneo lile lile kwa miti michache zaidi, na pale njia ilipokatika litapita juu ya ukuta, paa la mabati au waya wa stima. Ndiyo maana baada ya ploti kufyekwa watu huona kuluzu wengi kuliko zamani na kusema wameongezeka. Wamesongamana tu. Kupungua huja baadaye, polepole, na wakati huo hakuna anayekumbuka ile wiki ya tingatinga.

Pia usiwachanganye kuluzu na kima. Anayeingia jikoni ni kima, au tumbili, au nyani akija kwa vishindo. Hao hula takriban kila kitu, na binadamu akiwaongezea jaa la taka na ndizi za mezani wanaongezeka kweli. Kuluzu anakula majani, hasa machanga, pamoja na maua, mbegu na matunda mabichi. Tumbo lake lina vyumba ambamo bakteria huchachusha majani taratibu, na ndiyo sababu unamwona amekaa tu sehemu kubwa ya siku. Yuko kazini, anasaga. Mpe mkate au ndizi mbivu, sukari ile itachacha haraka, gesi ijae, na anaweza kufa. Kufyeka msitu ili kuondoa kima ni kumwadhibu asiye na kosa: kuluzu ndiye atakayeumia, kima ataendelea kustawi kwenye pipa la flati.

Sasa lile la "nitapanda mingine baadaye." Wengi wanaamini mti ni mti. Mvinje, minazi ya mapambo na ua la maboganvilia ni kijani cha macho tu, hakimlishi kuluzu. Mbambakofi, ule wenye mbegu nyeusi zenye kofia nyekundu, hukua taratibu mno. Miwili uliyonayo huenda ilikuwapo kabla ya babu yako kuzaliwa, na mche utakaoupanda leo utapata matawi ya kubeba kundi la kuluzu wakati wajukuu zako wanalipa kodi ya ardhi. Mkuyu una wageni wengi kuliko mti wowote kwenye ploti yako, maana huzaa mara kadhaa kwa mwaka, hata wakati miti mingine haina kitu.

Mwarobaini ni hadithi nyingine, na hapa pengine nitawaudhi wanaoupenda kwa dawa. Ulitoka Asia, ndege na popo hueneza mbegu zake, na kwenye misitu ya mwamba wa matumbawe ya pwani yetu umekuwa mvamizi unaoisonga miche ya miti ya kienyeji. Kama ni lazima kukata, anza na huo. Lakini usikate kabla ya kujua mti huo unafanya kazi gani: mwarobaini ulio peke yake kati ya mkwaju wako na mti wa jirani unaweza kuwa ndiyo daraja la pekee. Huo uache, panda mti wa kienyeji ubavuni mwake, na mwarobaini uukate pale mrithi huyo atakapokuwa amefika juu. Ukikata, jua kisiki kitachipua tena. Ng'oa na mizizi, au uwe unavunja machipukizi kila mwezi mpaka kichoke. Na kabla ya msumeno kuwaka, kagua mashimo na vichaka vya juu. Komba hulala mchana humo. Wengi wanamjua kwa sifa ya kulewa tembo kwenye kibuyu cha mgema tu, ila ndani ya shimo anaweza kuwa na watoto.

Jinsi ya kujua mti upi ni daraja? Hakuna mashine. Kabla hujamlipa mchoraji hata shilingi, kaa kwenye ploti asubuhi saba, kuanzia saa kumi na mbili hadi saa tatu, na jioni tatu kuanzia saa kumi. Chukua karatasi, chora mipaka na miti saba, kisha kila kundi likipita chora mstari: wameingia wapi, wameruka kutoka tawi lipi hadi lipi, wametokea wapi. Kufikia siku ya nne utaona mistari inarudiana mahali pale pale. Robo eka ni kama mita 30 kwa 34. Mara nyingi njia nzima inakaa kwenye ukanda wa mita sita au saba kando ya mpaka mmoja. Kwa kuwa kusini kwako kumeshakuwa kweupe, nadhani njia iliyobaki inapita kaskazini au nyuma. Ukanda huo ndio kitu cha thamani kwenye ploti yako. Idadi ya miti ni jambo la pili: miti mitatu iliyoshikana na ya jirani ina faida kuliko saba iliyosimama mbalimbali kama nguzo za mpira.

Mchoro huo mpe mchoraji wako pamoja na hesabu ifuatayo. Pima mzingo wa shina kwa futi ya kamba, kwenye urefu wa mita moja na nusu kutoka chini. Gawanya kwa 3.14 upate kipenyo, kisha zidisha kwa 12. Mbambakofi wenye mzingo wa sentimita 190 una kipenyo cha sentimita 60, kwa hiyo nusu kipenyo cha duara la mizizi ya kulinda ni mita 7.2. Duara zima linakula mita za mraba 163, na najua unashtuka. Lakini mti ulio mpakani nusu ya duara lake iko kwa jirani, na miti miwili iliyo karibu maduara yake hupandana. Tena duara ni la kuanzia tu. Kwenye mwamba wa matumbawe udongo ni mchache, mizizi hufuata nyufa na mifuko ya udongo, mmoja unaweza kutambaa mita kumi upande huu na mwingine usiende popote. Kabla ya kuamua mstari wa msingi, chimba mtaro wa majaribio kwa mtaimbo na jembe, si kwa mashine, uone kilichomo.

Hapa ndipo miti mingi ya Diani inapokufa huku mwenyewe akiapa kwamba hakuikata. Mtaro wa msingi umepita mita mbili kutoka shinani, mizizi ya upande mmoja imekatwa. Mchanga na kokoto vimerundikwa kivulini kwa sababu ni pazuri, lori limesindilia udongo ukawa kama sakafu, maji ya kuoshea toroli za saruji yamemwagwa pale pale kwenye mizizi. Mwisho kabisa kifusi kimetandazwa sentimita 40 ili kusawazisha uwanja. Mti hausemi kitu. Msimu wa kwanza majani yanapungua juu, wa pili matawi ya kileleni yanakauka, wa tatu unaanguka na upepo wa kusi, na watu wanasema ulikuwa mzee.

Kwa hiyo uzio wa mabati na vigingi kuzunguka duara la mizizi ndiyo kazi ya kwanza kwenye saiti, kabla ya lori la kwanza la mawe. Usiongeze udongo zaidi ya sentimita kumi ndani yake. Pale ambapo nyumba haina budi kusogea karibu, mwombe injinia akuchoree nguzo zenye vitako vyake na boriti ya zege inayopita juu ya ardhi, badala ya mtaro mrefu wa msingi. Inagharimu zaidi kwa chuma, ila vitako vinne unaweza kuvihamisha kidogo ukikuta mzizi mnene, mtaro hauhamishiki. Andika hayo kwenye mkataba wa mkandarasi na kiasi atakachokatwa mti ukijeruhiwa. Ahadi ya mdomo haifiki siku ya kumwaga zege.

Kuhusu nyumba nne zenyewe, una njia mbili. Ya kwanza ni nyumba nne za chini, kila moja tuseme mita za mraba 80: jumla 320 chini, ukiongeza njia za gari, maegesho na shimo la choo, ploti imekwisha na miti nayo. Ya pili ni jengo moja la ghorofa moja, nyumba mbili chini na mbili juu: mita 160 tu za ardhi. Utalipia slabu na ngazi, na jirani wa kaskazini atalalamika kwamba dirisha la juu linachungulia uani kwake, jambo linalotatulika kwa kuweka bafu na ngazi upande huo. Mimi ningechagua hiyo ya pili bila kusita. Tena ya tatu ipo, ujenge tatu badala ya nne, na kama hesabu ya mkopo inaruhusu ndiyo bora zaidi kwa ploti. Nisikufiche kwamba hakuna kati ya hizo itakayorudisha kilichopotea kusini. Robo eka yako haiokoi kuluzu wa Diani. Inachofanya ni kuamua kama kundi hili moja litaendelea kupita juu ama litalazimika kushuka.

Stima ndiyo inayoua kwa haraka. Mnyama anayening'inia kwenye waya mmoja hapatwi na kitu. Hufa anapogusa nyaya mbili kwa pamoja, au waya na kitu kilichoshikana na ardhi: chuma cha nguzo, transfoma, hata tawi bichi. Kuluzu mkubwa ana mkia mrefu kuliko kiwiliwili chake, kwa hiyo kuziba pengo kati ya nyaya mbili kwake ni jambo la sekunde moja. Ukiomba umeme, omba kebo iliyovikwa au iliyosokotwa pamoja, si nyaya tupu, na ikiwezekana kutoka nguzoni hadi mita ipite chini ndani ya bomba, nje ya maduara ya mizizi. Kwa laini iliyopo barabarani usipeleke kijana na panga. Kupogoa karibu na nyaya ni kazi ya kampuni ya umeme, na pengo la mita moja kati ya tawi na waya halimzuii kuluzu, linamfundisha kuruka tu. Shirika la Colobus Conservation, lililopo hapo hapo Diani tangu 1997, limekuwa likishughulika na kampuni ya umeme kupogoa na kuvika nyaya sehemu sugu. Wapelekee mchoro wako wa njia za kuluzu.

Hao hao ndio walioweka yale madaraja unayoyaona juu ya barabara ya ufuoni, kamba mbili za chuma sambamba na vipande kati yake, mfano wa ngazi iliyolazwa. Watu huniuliza kama wanaweza kufunga la kwao kwa kamba ya katani. Ndani ya ploti yako, kati ya miti miwili iliyotenganishwa na njia ya gari, inawezekana, mradi isifungwe kwa kukaza shina (tumia mkanda mpana wenye mpira chini yake na uulegeze kila mwaka) na ipite juu kuliko lori. Katani kwenye jua na mvua za pwani huoza upesi. Tumia kamba ya meli ya nailoni. Juu ya barabara ya umma usijaribu, panahitaji kibali na mtu anayejibu ikianguka. Tena daraja ni kiraka. Matawi yaliyokutana hayahitaji ukarabati.

Ukuta pia ni njia. Kuluzu na kima hutembea juu yake, na vile vipande vya chupa vinavyochomekwa kwenye saruji huwapasua viganja na nyayo. Waya wa umeme wa usalama huua komba. Ua wa michongoma ulionyimwa mapengo hulinda vizuri kuliko watu wanavyodhani. Ukitaka jiwe, lifanye laini juu.

Na kima wa jikoni? Pipa lenye kifuniko cha kufunga kwa komeo, ndani ya kibanda chenye mlango. Wavu wa chuma wa macho ya sentimita 2.5 madirishani, si waya wa kuku ambao kima huufumua kwa dakika mbili. Katika mkataba wa upangaji, kifungu kimoja: asiyefuata sheria ya kutolisha wanyama anaonywa, kisha anaondoka. Mpangaji mmoja mwenye huruma na mfuko wa karanga huharibu kazi ya mtaa mzima. Kutega au kuhamisha wanyama mwenyewe ni kosa chini ya Sheria ya Wanyamapori ya 2013, na hata ingeruhusiwa haingesaidia: nafasi ikibaki na chakula kikibaki, wengine wanaijaza.

Majirani wako sasa. Nimeona wajenzi wakidhani "sura ya mtaa" ni wivu wa waliotangulia. Wakati mwingine ni wivu. Lakini sikiliza kinachosemwa chini yake, mara nyingi ni mambo matatu ya kupimika. La kwanza ni maji. Mvua ya milimita 50, ambayo mwezi wa tano si ajabu, ikinyesha juu ya mita za mraba 600 za paa na kabro inaleta lita 30,000, na kama hukuzikusanya zinaenda uani kwa bibi wa bondeni. Weka tangi, acha maegesho yawe ya kokoto. La pili ni choo: mwamba wa matumbawe una matundu kama sifongo, na maji machafu ya shimo husafiri upesi kuelekea visima. Jenga tangi la maji taka lisilovuja, lenye vyumba viwili, linalofikika na gari la kunyonya; na muulize kila jirani kisima chake kiko wapi kabla ya kuchagua pa kuliweka. La tatu ni njia. Mitaa ya Diani ina vichochoro vya zamani vya kwenda baharini ambavyo Wadigo walivipita kabla ya hati miliki kuwako. Kama kimoja kinagusa mpaka wako, kiache wazi na kiwe na kivuli, na nusu ya manung'uniko yatakwisha siku hiyo.

Waite wazee kwenye ploti wakati mchoro bado ni wa penseli. Usisubiri tangazo la kibali.

Upande wa sheria, kibali cha ujenzi hutoka kaunti chini ya sheria ya mipango na matumizi ya ardhi ya 2019, na mazingira yanasimamiwa na NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, chini ya sheria ya 1999, ambayo hupanga miradi kwa hatari ndogo, ya kati na kubwa. Mtaalamu wa mazingira aliyesajiliwa ndiye atakayekuambia mradi wako uko kundi lipi. Usimwachie fundi akukisie. Wanaopinga flati za kusini wajue kwamba saini mia za "hatutaki" si kura. Kinachopimwa ni sababu: kisima kilicho umbali gani, maji yanakoelekea, njia ya wanyama iliyochorwa na tarehe zake. Asiyeridhika na uamuzi wa kaunti ana siku 14 kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya mambo hayo, na kwa leseni ya mazingira ni siku 60 kwenye Mahakama Maalumu ya Kitaifa ya Mazingira (National Environment Tribunal). Siku hizo zikipita wakili atakugharimu zaidi.

Yako mambo ambayo barua yangu haitoshi. Mti unaoinama kuelekea nyumba au wenye uvimbe wa uyoga shinani, mlete mtaalamu wa miti auguse kwa mkono. Msingi juu ya mwamba wenye mapango ni wa injinia aliyesimama pale. Ukikuta kuluzu amepigwa na umeme usimshike, hata akionekana amekufa, na usikaribie kama bado anagusa waya; piga simu kwa kampuni ya umeme kwanza, halafu Shirika la Wanyamapori au Colobus Conservation. Mama aliyekufa huenda bado ana mtoto kifuani, mweupe pepe kama ni mchanga, na huyo mara nyingi huokoka akipata watu wanaojua. Mtu akiumwa au kuparurwa na kima, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15 kamili, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya kichaa cha mbwa.

Miche ya kienyeji iandae sasa. Shimo la sentimita 60 kila upande, kwa mtaimbo, ujaze udongo mweusi na samadi iliyooza; panda mvua za masika zikishika, na kaskazi ya kwanza ikifika mwagilia lita 20 kwa kila mche mara mbili kwa wiki.